Mabamba Hamsini na Mawili ya Piano ya Vidunda

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa sinia la bati lenye vipande vya pembe ya ndovu, nikaambiwa nivihesabu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Masanze kwa miguu, na shati nililovaa lilikuwa la kaka yangu. Karakana ya misheni ilikuwa Kilosa mjini, nyuma ya ghala la mahindi: chumba kimoja, madirisha mawili, piano tatu zilizofunguliwa matumbo. Msimamizi alikuwa Fundi Mkuu, mzee mwembamba wa Vidunda ambaye hakuwa na desturi ya kucheka kabla ya saa nne asubuhi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Unajua kuhesabu?”

“Najua.”

“Wote husema hivyo.”

Vijana wa leo mnaoona piano kanisani mkadhani ni kabati lenye sauti, niwaeleze. Piano ina vibao themanini na nane, vyeusi thelathini na sita na vyeupe hamsini na viwili. Kibao ni mbao ndefu. Mpigaji akibonyeza mwisho wa mbele, mwisho wa nyuma hunyanyuka na kurusha nyundo ya sufi ikagonge uzi. Zamani uso wa kila kibao cheupe ulivikwa bamba jembamba la pembe ya ndovu, kwa sababu pembe hunywa jasho la kidole na haitelezi. Joto la Kilosa huyabandua mabamba hayo. Piano iliyokuwa mbele yangu ilikuwa ya kanisa la Vidunda, imeshushwa mlimani ili mabamba yake yote yaoshwe na kubandikwa upya.

Nilihesabu kwa macho, nikasema hamsini na mawili. Nikalitoa sinia nje, nikayaosha mabamba pembeni mwa mfereji, nikarudi. Fundi Mkuu akasema, “Hesabu tena.” Yakawa hamsini na moja.

Nilipekua nyasi kwa magoti mpaka jua likazama. Kesho yake Mkuu wa Misheni alikuwa anakuja kukagua, na huyo alishamfukuza mtu kwa kupoteza bisibisi. Nililala nikiliwazia jembe la baba, jinsi litakavyofurahi kuniona.

Asubuhi Fundi Mkuu alikuwa amekaa mbele ya piano, macho mekundu, mabamba yote yamebandikwa. “Nililipata,” akasema. “Lilikuwa kwenye pindo la suruali yangu.” Chumba kilinuka mfupa ulioungua. Nikajua mzee amejipikia supu usiku, na kwa kuwa sikuwa nimekula tangu jana yake, nilimwonea wivu.

Mkuu wa Misheni alipofika alipitisha kidole juu ya vibao. “Yote ni pembe?”

“Yote, Bwana Mkuu. Mkono huu haujaweka mfupa mahali pa pembe.”

Mkuu wa Misheni aliandika neno hilo kwenye daftari lake. Likawa sifa ya karakana yetu kuanzia Kilosa hadi milimani. Mimi nikabaki kazini, na tangu siku hiyo nahesabu kila kitu mara mbili. Mke wangu anasema hata watoto nilikuwa nawahesabu mara mbili, na walikuwa watatu tu.

Nilifanya kazi chini ya Fundi Mkuu miaka kumi na minne. Alinifundisha kutyuni, yaani kuzungusha pini za nyuzi kwa spana mpaka sauti zikubaliane, na sikio likichoka mtu anaacha, hajadili. Nilitumwa kwenye klabu ya shamba la mkonge, ambako Meneja alitaka piano itoe sauti ya furaha. Nikamwambia mimi natengeneza nyuzi, furaha alete mwenyewe. Nilitumwa shule, nilitumwa seminari. Nadhani mimi ndiye Mwislamu pekee wa Masanze anayezijua nyimbo zote za Waanglikana, sauti zote nne. Lakini piano ya Vidunda Fundi Mkuu aliisafisha mwenyewe, na mabamba yake hakumruhusu mtu kuyagusa mpaka macho yake yalipokufa. Alipofariki ikawa yangu. Biashara ya pembe ilikwishapigwa marufuku, na ni haki. Basi mabamba yaliyoliwa na panya na unyevu niliyabadilisha kwa mfupa wa paja la ng'ombe. Niliweka sita. Kila mwaka nilipopanda Vidunda nilihesabu: arobaini na sita ya pembe, sita ya mfupa. Nikahesabu tena.

Kazi yangu ya mwisho ililetwa na Rehema, binti wa hapahapa Kilosa aliyesomea piano nje ya nchi. Alitaka kurekodi albamu ya muziki wake mwenyewe, piano peke yake bila kuimba, na itolewe kwenye santuri, zile sahani nyeusi za zamani ambazo siku hizi zimerudi na vijana wanazitafuta kama dawa. Aliipenda piano ya Vidunda kuliko zote alizowahi kupiga. Nikamweleza hali yake, arobaini na sita na sita.

Akauliza, “Arobaini na sita ni tembo wangapi, mzee?”

Miaka yote ile ya kuhesabu, hicho sikuwahi kukihesabu.

“Nitaandika pembe ngapi na mfupa ngapi kwenye jalada,” akasema. “Anayesikiliza ajue anasikiliza nini. Wewe ndiye unayenipa idadi, na jalada likishachapwa halifutiki.”

Tulianza Kilosa, piano ikiwa imeshushwa tena mlimani, na mimi nikapewa kazi ya kutafuta kimya. Nimepatana bei ya vitu vingi maishani, lakini kimya ni bidhaa ngumu. Mwenye mashine ya kusaga alinipa saa mbili, nikataka tatu, tukakutana kwenye mbili na nusu. Vijana wa bodaboda waliuliza huo muziki una mdundo gani. Nikawaambia hauna. Wakanihurumia, wakazima pikipiki. Mwadhini sikumwendea; yapo yasiyojadiliwa. Treni nayo haina mlango wa kubisha, na honi yake ikaingia katikati ya wimbo bora kuliko yote. Rehema akafunga piano, akasema twende Mikumi.

Huko tulipata ghala tupu la mkandarasi wa barabara, pembeni kabisa mwa mji, upande wa hifadhi. Piano tuliiweka ubavu wa kushoto ukielekea dirisha kubwa lisilo na kioo, maana ndani palikuwa pa moto. Mtaalamu wa kurekodi alikuwa Deo, mtu mzima kutoka Morogoro mwenye mazungumzo ya kijiweni, na kompyuta yake tuliiweka kwenye meza ya kona.

Siku ya kwanza, saa tisa alasiri, Rehema alipiga sauti nzito za kushoto, akanyanyua mikono. Kanuni ya kurekodi ni kwamba sauti ya mwisho ikipigwa hakuna anayekohoa wala kusogea mpaka ife yenyewe. Tukanyamaza. Ikafa. Lakini mshale kwenye kompyuta ya Deo uliendelea kupanda na kushuka, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

“Mzee, piano yako bado inalia.”

“Hailii. Unasikia kitu?”

“Sisikii. Ila mashine inasikia, mzee, si unaona?”

Nilifungua piano nikakagua nyuzi zote, moja moja, kisha tena kutoka mwisho. Hakuna uzi uliolegea. Siku ya pili mambo yakawa yaleyale, ila mshale ulipanda zaidi. Nikaweka kiganja ukutani, ukuta ulikuwa unatetemeka. Nje, hatua ishirini kutoka dirishani, tulikuta kinyesi kibichi. Nilirudia kupima kwa hatua zangu: ishirini.

Askari wa wanyamapori aliyepita alitazama, akasema, “Tembo. Wana maongezi ya chini kuliko masikio yetu. Huwa wanaulizana.”

“Wanaulizana nini?”

“Mzee, mimi ni askari. Mkalimani mtafute mwingine.”

Siku ya tatu ilibaki sehemu ya mwisho ya albamu. Rehema aliimaliza vizuri, mikono akaiweka mapajani, na kile kimya cha kanuni kikaanza. Kisha mwanga ukapungua. Nilidhani ni wingu. Dirisha lote lilikuwa limejaa ngozi ya kijivu, na jicho moja, dogo, lenye kope ndefu. Hatukuwa tumesikia hata jani.

Mkonga uliingia taratibu. Ulipita juu ya stendi ya maiki bila kuigusa, ukatua kwenye kibao cheupe cha kwanza kushoto. Kikalia, kidogo sana. Ukagusa cha pili. Ukagusa cha tatu. Ulikuwa unavuta hewa kila mara kabla ya kugusa, na ile pumzi niliisikia kwenye shingo yangu ingawa nilikuwa mbali. Ulipofika kwenye kibao nilichokivika mfupa, ulinyanyuka, ukakiruka, ukashuka kwenye kinachofuata. Ukaendelea hivyo. Kila bamba la mkono wangu liliachwa.

Rehema hakusogea. Mkonga ulipita mbele ya kifua chake kama vile hayupo. Hata Deo, ambaye mdomo wake haujui likizo, alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Nilijaribu kuhesabu, hofu ikanivuruga nikapotelea njiani. Ulipofika kibao cha mwisho kulia ulitulia hapo muda mrefu, kisha ukarudi ulikotoka, na mwanga ukaingia tena. Tulipochungulia nje walikuwa saba, wanakwenda zao kwa mstari, bila haraka, kama watu wanaotoka kuzika.

Maiki zilikuwa wazi muda wote.

Upande mmoja wa santuri hubeba dakika ishirini hivi. Ukiujaza zaidi, mistari inayobeba muziki hubanana na sauti inakonda. Deo akasema tukio lile likatwe, upande wa pili umejaa. Rehema akasema heri akate wimbo wake. Tembo alikuwa amechukua dakika nne. Tukavutana, na mwisho tukapatana tatu na nusu. Tulipunguza kimya cha mwanzo, kugusa kwake hatukugusa.

Baada ya miezi kadhaa kiwanda cha huko nje kilileta santuri ya majaribio, ile ya kusikilizwa kabla ya kuchapa nyingine zote. Rehema aliniletea pamoja na mashine ya kuichezea. “Mzee, sikiliza, unithibitishie idadi ya jaladani. Jioni natuma.”

Piano ilikuwa bado kwangu, ikisubiri gari la kuipandisha Vidunda. Niliweka sindano upande wa pili. Nilihesabu miguso: arobaini na mitano. Nikarudisha sindano. Arobaini na mitano.

Ilipaswa kuwa arobaini na sita.

Nikajisemea mnyama naye hukosea. Nikakaa mbele ya piano, nikaicheza santuri mara ya tatu, na kila sauti iliyosikika nikaigusa kwenye kibao chake. Kwenye yale sita yangu ilipita pumzi tupu, kama nilivyoona kwa macho. Ila pumzi tupu ilikuwapo mahali pengine pia: kibao cheupe cha kumi na tisa kutoka kushoto.

Nilikichomoa nikakipeleka mwangani. Pembe halisi ina mistari laini kama alama za kidole. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi, kama vya sindano. Sikuona vitundu. Nikakwangua kwa ukucha, ukatoka nta. Chini ya nta, vitundu vilijaa. Kazi hiyo ilikuwa nzuri kuliko yangu yoyote. Nimelifuta bamba hilo miaka na miaka, nikilihesabu, bila kulitazama.

Ili niwe na hakika nilichukua tupa nikasugua ukingo wake. Harufu ikapanda.

Ilikuwa harufu ya asubuhi ile. Hakukuwa na supu. Mzee alikesha na msumeno na paja la ng'ombe, kisha akasimama mbele ya Mkuu wa Misheni akaunyoosha mkono uleule.

Simu ikaita.

“Shikamoo, mzee. Jalada liko tayari. Arobaini na sita na sita, siyo?”

Ningesema ndiyo, Fundi Mkuu angebaki mtu wa lile neno lililoandikwa daftarini, na hakuna aliye hai angenibishia. Nje ilipita lori, vibao vikatetemeka. Niliutazama ule mwanya wazi, mahali pa kibao cha kumi na tisa.

“Hapana, binti. Pembe arobaini na tano. Mfupa saba.”

“Una uhakika? Uliniambia ulihesabu mara mbili.”

“Nilihesabu. Kuna aliyehesabu vizuri kuliko mimi, naye unaye kwenye santuri.”

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, “Huo wa saba aliuweka nani?”

“Andika Fundi Mkuu wa Kilosa. Andika kwamba aliuweka kabla ya siku ya pili ya kazi ya mwanafunzi wake.”

Ndivyo ilivyochapwa. Spana na uma wa kupimia sauti nimemwachia mwalimu wa kwaya wa Vidunda, na kibao cha kumi na tisa nimekirudisha kilivyokuwa, bila nta. Sasa nimestaafu, wajukuu wananikalia miguuni, nami nawahesabu. Mabasi ya Iringa yakipita hifadhini tembo wakiwa kando ya barabara, wenzangu hutoa simu wapige picha. Mimi huficha kwapani viganja hivi vilivyoshika pembe. Naona mara nyingine mmoja ananyanyua mkonga, anavuta hewa kuelekea dirisha langu.

Alasiri huweka santuri, upande wa pili, sehemu ya mwisho. Kibao cha kumi na saba, cha kumi na nane, kisha ile pumzi inayopita bila kugusa. Hapo ndipo ninapomsikia mzee wangu. Narudisha sindano, nisikie mara ya pili.