Mara ya Nne Huombewi

Nakhumicha hufuma sweta za shule hapa Kariobangi, na kwa miaka tisa tuliyoishi ngazi moja sijawahi kumwona akikosea kipimo. Kwa hiyo siku aliyofuma sweta yenye mkono mmoja wa darasa la kwanza na mwingine wa darasa la nane, nilimcheka, maana mdomo wangu hauna breki. Kisha nikayaona machozi yake.

Mumewe Simiyu, fundi wa mageti, alikuwa na uvimbe shingoni. Hospitalini walikata kipande kidogo wakapeleka kupimwa, wakasema majibu Jumatatu, baada ya wiki nne. Wiki nne! Kila asubuhi Nakhumicha alimfunga mumewe kola ya shati ili apate kisingizio cha kuugusa. Leo aliona umepungua, kesho umeongezeka. Tulipokutana ngazini aliniuliza, "Mama Eve, mtu akipungua kilo, ni lazima iwe ile kitu?" Jina la ugonjwa hatukulitaja.

Kuomba kwake nilikujua, kuta zetu ni nyembamba. "Mungu wangu, usiniache. Usiniache." Hayo tu, kila alfajiri, kisha mashine inaanza kukwaruza.

Sasa, ushirika wetu wa akina mama hukutana Alhamisi alasiri nyumbani kwa Mama Teresiah, na tuna desturi yetu. Tukikuombea mara tatu, basi. Mara ya nne huombewi. Unasimama unashuhudia kwamba umepona, au mtu wako amepona, hata kama bado anakohoa. Na ukishashuhudia, ukionekana tena kwenye foleni ya hospitali, unaitwa mke wa Lutu, yule aliyegeuka nyuma. Mimi nimeushuhudia mgongo wangu mara mbili, na mpaka leo nashika ukuta nikitoka kitandani. Sikumwambia mtu.

Simiyu tulikuwa tumeshamwombea mara tatu, na Alhamisi ya nne iliangukia siku nne kabla ya majibu. Simiyu, mwanamume wa kubeba chuma begani, alikiogopa chumba cha daktari kuliko kaburi. Nilimsikia akimwambia mkewe, "Wewe shuhudia tu. Ukishashuhudia, Jumatatu twende kufanya nini? Si tutakuwa tunamjaribu Mungu?"

Basi Nakhumicha akawa amebanwa kotekote. Asiposhuhudia, sisi tutasema hana imani. Akishuhudia, Simiyu haendi kuchukua majibu, na uvimbe hausikilizi ushuhuda.

Alhamisi ikafika. Mama Teresiah akamwita mbele, nami nikauweka ulimi tayari kwa kigelegele.

"Bwana asifiwe," Nakhumicha akasema.

"Amina!"

"Bwana asifiwe tena."

"Amina!"

Sufuria ya chai ikichemka jikoni, akatutazama mmoja mmoja.

"Mnataka niseme amepona. Sijui kama amepona. Naogopa. Lakini siwezi kumsifu Mungu na uongo, na Yeye ananiona. Simiyu akiwa mzima, ni wake. Akiwa mgonjwa, bado ni wake, na mimi pia. Jumatatu tunaenda kuchukua majibu. Kama huko ni kukosa imani, basi niombeeni mara ya nne."

Hakuna aliyesema amina. Mimi niliangalia viatu vyangu, na aibu ya siku hiyo ninayo hadi leo. Mama Teresiah alifunga Biblia, akasema sala fupi, tukanywa chai. Nakhumicha akatoka peke yake.

Habari zilimtangulia nyumbani. "Umeniaibisha," Simiyu alifoka.

"Heri nikuaibishe ukiwa hai," akamjibu. Siku tatu zilizofuata nilisikia ng'ambo ya ukuta ile sala ya alfajiri, nayo ilikuwa na kilio ndani yake.

Jumatatu asubuhi Simiyu alitoka amevaa, kola ameifunga mwenyewe. Hakumwangalia mtu. Yeye na mkewe walipofika chini, Mama Teresiah alikuwa amesimama getini na kitambaa chake kichwani, mkononi chupa ya chai. Nikajua amekuja kuwazuia, nikashuka mbio, mgongo na yote.

"Msichana wangu," alimwambia Nakhumicha, "mume wangu nilimshuhudia hivyohivyo. Nilisimama pale uliposimama. Kadi yake ya kliniki niliichana na mikono yangu, na watu wakashangilia. Hakumaliza miezi miwili." Akapangusa uso. "Miaka kumi na moja nimewasimamisha wengine, ili nisikubali kwamba nilikosea."

Simiyu ndiye aliyempokea ile chupa.

"Twendeni," Mama Teresiah akasema. "Hiyo mara ya nne tutaomba tukiwa kwa foleni."

Majibu hayakuwa mazuri. Ugonjwa ni uleule tulioogopa kuutaja, ila daktari alisema wamekuja mapema na atapasuliwa mwezi huu. Nakhumicha bado haoni usingizi, na bado anasema usiniache.

Alhamisi iliyofuata nilisimama mimi, bila kuitwa. Nikasema, "Bwana asifiwe. Mgongo wangu haujawahi kupona. Niombeeni." Aliyeitika amina wa kwanza alikuwa Nakhumicha.