Kanzu ya Shemeji na Ule Moshi Mwekundu

Chekeni sasa hivi mmalize, maana kila nikianza kusimulia haya kuna mtu hunikatiza kwa kicheko, na aibu yenyewe ni yangu, sikuazima kwa mtu: mimi, nisiyetoka nyumbani Queensbury, huku kwa Waingereza, ila nyanya zikiisha, nilisimama mbele ya watu kama arubaini kwenye maktaba ya Harrow nikalishtaki jeshi zima la anga kwa kosa la kuharibu nguo.

Nguo yenyewe ilikuwa kanzu ya marehemu baba mkwe, nyeupe pe, imedariziwa shingoni kwa mkono, iliyoletwa kutoka Mombasa kwenye sanduku la msafiri ili shemeji yangu Khamisi aivae Jumamosi inayofuata kwenye nikaha yake. Mavyaa alinipigia simu. "Amina, hiyo ni amana. Nyingine hakuna." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nikaifua kwa mikono, nikaianika uani, na pembeni yake nikaanika leso yangu mpya nyekundu, kanga ya kujifunga (niliifua mbali, mimi si mtoto).

Sasa, siku hiyo ilikuwa sherehe ya mfalme, na mnajua mfalme akisherehekea, vile vindege vyekundu tisa vya jeshi la anga hupita vikimwaga moshi wa rangi. Mimi moshi ule sijawahi kuuamini. Watu wanamwagiwa rangi tatu vichwani, wanapiga makofi, wala hakuna anayeuliza inaangukia wapi! Niliposikia mngurumo nikatoka mbio na kandambili mguu mmoja, nikanyakua nguo zote mbichi kambani, nikazisokomeza kwenye kapu moja, nikazishindilia kwa goti, nikaingia ndani nikafunga madirisha yote (na tundu la barua mlangoni nikaliziba na taulo). Kisha nikanywa chai kwa ushindi, nikasahau kapu.

Jioni nikalifungua. Kanzu mgongoni ilikuwa na wekundu, umetapakaa kama mtu aliyeegemea rangi mbichi.

"Wameniwahi," nikasema.

Nikasugua, nikaloweka, ukafifia kidogo ukagoma. Khamisi akapiga simu, "Shemeji, kanzu yangu haijambo?" nami nikajibu, "Salama kabisa," na jinsi alivyokata simu haraka nikahisi ameshajua. Kuanzia hapo nikamshuku kila mtu. Jirani akiangalia juu, nilijiuliza anaangalia nini. Hata postamani nilimtazama vibaya.

Jumanne, binti yangu Salma akirudisha vitabu maktaba, nikaona tangazo ukutani: fundi mstaafu wa vindege vile vile atazungumzia historia ya kikosi, Alhamisi saa tisa, kiingilio bure. Nikajua Mungu amenileta. Alhamisi nikaenda na kanzu kwenye mfuko wa plastiki, daftari, na Salma (alikataa, nikamleta).

Fundi alikuwa mzee mpole mwenye tai, na picha zake zilimulikwa ukutani. Akaeleza kwamba kabla ya wekundu hawa kulikuwa na vikosi vingine, kimoja cha ndege nyeusi, kimoja cha ndege za manjano. Nikaandika: *rangi nyingine hizo*. Akasema wekundu walianza na ndege saba, baadaye zikawa tisa, na zile za kwanza zilikuwa ndogo hata rubani mrefu alipata taabu kuingia. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa kazini. Kisha akafika kwenye moshi: kumbe ni dizeli inayomwagwa kwenye joto la injini ikatoka nyeupe, na kwa nyekundu na buluu huongezwa rangi ya kutilia...

Nikasimama. "Amekiri!"

"Mum, please," Salma akanong'ona, akajifunika uso kwa mtandio.

Nikapita mbele, nikaitandaza kanzu juu ya meza yake, nikaeleza kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne kwamba kuna bwana harusi asiye na nguo na kwamba nangoja maelezo. Mzee hakukasirika. Aliinama akanusa. Akasema, kwa upole ulioniuma kuliko tusi, kwamba haina harufu ya dizeli, kwamba moshi ule ni wa dakika chache tu, kwa hiyo hawaupotezi juu ya Queensbury, halafu akauliza: bibi, buluu iko wapi?

Buluu. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Akaiinua kanzu mbele ya ile taa ya picha ili aione vizuri, na hapo kiti cha nyuma kikakwaruza sakafu, akainuka Mama Jyoti wa Kingsbury, aliyezaliwa Mombasa kwenye duka la baba yake la leso, akaja taratibu na fimbo yake.

"Dada," akasema kwa Kiswahili, ukumbi mzima ukisikiliza, "hii si ndege. Haya ni maneno ya leso, yamejichapa kinyume. Mimi nimekua nyuma ya kaunta, leso zikining'inia mbele yangu, kila siku nasoma kwa upande wa kinyume." Akafuata herufi kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto. "Si-na... sha-ka... na-we. Sina shaka nawe." Akanigeukia. "Leso mpya hukuiloweka chumvi isichuje rangi?"

Mimi! Ninayewafundisha mabibi harusi wote wa Harrow kuloweka chumvi! Ningeiacha kambani, isingeguswa na kitu. Niliikunja mwenyewe, nikaishindilia kwa goti langu mwenyewe.

Nikaomba radhi. Yule fundi akanisaidia kuikunja kanzu, akasema katika miaka yake yote hajawahi kupata msikilizaji makini kiasi hicho.

Usiku huo nikampigia Khamisi nikamweleza yote. Akaniuliza tena maneno yanasemaje, kisha akasema ataivaa hivyo hivyo. Jumamosi akaivaa, koti juu, na amri yangu asilivue hata akiungua. Baada ya nikaha akaingia kwa mkewe akalivua mbele yangu, akageuka, akampa mgongo. Bibi harusi akauliza kile ni nini, Khamisi akamsomea maneno na maana yake. Yule msichana akaweka kiganja juu ya yale maandishi yaliyofifia.

"Isifuliwe tena," akasema.

Nami nimeapa: simshtaki mtu kabla sijachungulia kapu langu, na leso mpya inakaa kwenye beseni lake peke yake, na chumvi mkono mzima. Vindege vikipita nguo naziacha kambani. Nasimama tu dirishani nazihesabu, kabla na baada.