Kunguni wa Chaka

Miaka ya sabini nilikuwa mpiga dawa ya wadudu mjini Nyeri. Nilibeba pampu mgongoni nikiua kunguni, viroboto na mende katika nyumba za watu.

Siku moja mwanamke mmoja, fundi wa cherehani kutoka Chaka, alikuja ofisini kwetu. Alingoja wengine watoke, ndipo akaninong'oneza, "Niko na kunguni. Lakini usikuje na hiyo ovaroli. Wateja wakijua, hakuna mtu ataniletea nguo."

Jumamosi nilienda na koti la kanisani, pampu nimeificha ndani ya gunia la viazi. Aliishi peke yake nyuma ya duka. Tulitoa kitanda nje, tukamwaga maji ya moto kwenye viungo vya mbao. Wakatoka wengi.

"Ati hawa wote nimekuwa nikilala nao?" akacheka mpaka akakaa chini.

Nilipomaliza kupuliza dawa tulikunywa chai uani, tukingoja harufu iishe. Aliniuliza mambo ambayo mteja hajawahi kuniuliza: kama kifua hakiniumi, kama kuna mtu wa kunipikia. Nikamwambia hakuna.

Baada ya wiki mbili nilirudi, maana mayai huanguliwa na dawa lazima irudiwe. Nikiwa nachanganya, nilijiambia: punguza kidogo tu, wabaki wawili watatu, atakuita tena. Nilisimama na kopo mkononi. Kisha nikamwona mlangoni akijikuna mkono bila kujua, ngozi imejaa alama nyekundu. Nikatia dawa kamili.

"Na wakirudi?" aliniuliza nikiondoka.

"Hawatarudi."

"Haya basi," akasema, akitazama chini.

Nikabeba gunia langu, nikaenda. Hadi leo sijui kama alikuwa akinipa nafasi.

Kwa miezi mingi, kila mara mlango wa ofisi ulipofunguliwa niliinua macho. Mwishowe nikaenda Chaka bila pampu. Dukani mwake nilimkuta kinyozi. Akaniambia yule fundi alihamia Murang'a, kwa dada yake.

Nilifika Murang'a mara mbili, nikazunguka soko lote nikichungulia kila baraza lenye cherehani. Mara ya pili nilimwuliza mama mmoja muuza vitambaa.

"Yule wa kucheka sana?" akasema. "Aliolewa. Sasa yuko na mtoto."

Nikamshukuru, nikapanda basi. Jirani yangu kitini alinisemesha njia nzima. Tulifika Karatina bado nachungulia dirishani kila baraza lenye cherehani.