Themanini na Nane Isiyo Yangu

Mwaka 1998 nilipata themanini na nane kwenye mtihani wa hesabu ambao sikuufanya mimi.

Na chumba cha mtihani nilikuwemo. Nilikaa kwenye kiti, nikabonyeza vitufe saa nzima, jasho likanitoka mpaka shati likalowa mgongoni. Lakini ile themanini na nane haikuwa yangu.

Msikimbilie kunitukana kwenye komenti. Hayo matusi nimeshajitukana mwenyewe miaka mingi. Someni kwanza.

Naitwa Yakobo Masele, mtoto wa Igoma, Mwanza. Wakati huo nilikuwa darasa la saba kwenye shule moja ya kanisa, jina lake nalihifadhi.

Darasani kwetu kulikuwa na msichana anaitwa Dorcas. Huyu alikuwa kipanga, na sio kipanga wa kukariri. Mwalimu akiandika swali ubaoni, kabla hajageuka, Dorcas jibu analo.

Alikuwa na miaka kumi na nne kama mimi. Na alikuwa mwanangu.

Tulieni niwaeleze. Marehemu baba yangu alikuwa na wake wawili. Baba yake Dorcas ni mtoto wa kwanza wa mke mkubwa, mimi ni kitinda mimba wa mke mdogo. Kwa hiyo baba yake ni kaka yangu, na mimi ni baba yake mdogo, hata kama tulizaliwa mwaka mmoja.

Kwetu Wasukuma hilo sio jambo la utani. Kila asubuhi, pale mstarini, Dorcas alikuwa anakunja goti mbele yangu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Nyumbani wazima?"

Wenzetu walikuwa hoi kwa kucheka. Mimi kichwa kinavimba. Nilimtuma maji ya kunywa, nilimtuma kunichongea penseli, nilimpa zamu yangu ya kufagia, na hakuwahi kukataa hata siku moja.

Mwanzoni mwa mwaka ule kanisa likaletewa kompyuta nane na marafiki zao wa nje. Enzi hizo vitu vilikuwa vinaingia nchini kila kukicha, lakini kompyuta sisi tulikuwa tumeziona benki tu, tena kwa dirishani.

Zikawekewa chumba chao. Mapazia yamefungwa vumbi lisiingie, na viatu unavua mlangoni. Mwalimu Chenge wa hesabu alipelekwa Dar wiki mbili kujifunza, akarudi hata mwendo wake umebadilika.

"Kila mtu atakuwa na diski yake," alitueleza. "Humo ndani kuna hesabu zako wewe. Ukikosa, mashine inakurudisha nyuma, inakupa nyepesi. Ukipata kumi mfululizo, inakupandisha ngazi. Ngazi ziko ishirini. Hapa hakuna kumsubiri mtu."

Sisi tuliozoea kitabu kimoja watu watano, yaani kusoma kwa kupokezana mistari, tuliona maajabu.

Wiki ya tatu Dorcas yuko ngazi ya sita. Mimi mashine imenirudisha ya kwanza mara tatu, na haikuwa na hata chembe ya huruma. Mwalimu wa ubaoni unaweza kuinamisha kichwa asikuone. Ile inakuuliza wewe, peke yako, na inangoja.

Iliniuma sana. Mtoto yuko ngazi ya sita, baba anazunguka ya kwanza.

Nikafanya nilichozoea kufanya. Nikamtuma.

"Dorcas, ukimaliza yako njoo unimalizie na hii."

"Sawa, baba mdogo."

Ikawa ndio mtindo. Mashine zetu zilikuwa jirani, mwalimu akitoka tu Dorcas anahamia kwenye kiti changu. Mimi nasimama nyuma yake kama fundi mkuu anayekagua kazi. Kufika Julai wote wawili tuko ngazi ya kumi na nane, na Mwalimu Chenge anatuonyesha kwa wageni kama mifano.

Akanifanya na kiranja wa chumba kile. Diski zote zilikaa kwenye kopo la biskuti, tuliingia kwa zamu za watu wanane wanane, na mimi ndiye niliyezitoa na kuziweka kwenye mashine kabla wenzangu hawajaingia. Zilikuwa hazina majina, ni namba tu. Mimi kumi na saba, Dorcas ishirini na tatu.

Agosti ikaja habari kubwa. Sekondari moja ya kanisa, huko ng'ambo ya ziwa, ingechukua mwanafunzi mmoja kutoka kwetu na kumsomesha bure miaka yote minne. Mtihani ungefanywa kwenye zile zile kompyuta. Mashine zote zilikuwa zimeunganishwa kwa waya na mashine ya mwalimu, ukimaliza tu alama zinatokea kule, na siku hiyo hiyo zinatumwa sekondari kwa njia ya simu.

"Hakuna mtu atakayesahihisha," Mwalimu Chenge alisema. "Mashine haijui huyu mtoto wa nani."

Dorcas aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Baba yake alishamwambia wazi kwamba akiikosa, shule basi, atakwenda kwa shangazi yake kujifunza kushona. Nayajua hayo kwa sababu aliniambia mwenyewe.

"Baba mdogo, niombee," alisema. "Nataka nije niwe mwalimu wa hesabu."

Nikamwambia nitamwombea.

Siku ya mtihani niliingia mapema kuweka diski za zamu yetu. Namba kumi na saba nikaisukuma kwenye mashine ya Dorcas. Ishirini na tatu nikaisukuma kwenye yangu. Ilichukua muda mfupi kuliko mnavyosoma hapa.

Wakaingia peku, wakakaa. Juu ya kioo cha kila mashine kulikuwa na namba tu. Dorcas akaitazama ya kwake. Kisha akageuka akaniangalia mimi, moja kwa moja usoni.

Nikajua ameona. Nikasubiri ainue mkono.

Hakuinua. Aliinama, akaanza kubonyeza.

Nikapumua. Nikajisemea moyoni, mtoto mwenye adabu huyu, kaelewa na kakubali. Hamwezi kuamini, lakini nilimshukuru Mungu.

Mchana matokeo yakasomwa mstarini. Yalisomwa majina tu, bila namba. Yakobo Masele, themanini na nane. Watu wakapiga makofi.

Dorcas, thelathini na moja.

Makofi yakakatika. Ile thelathini na moja ndiyo niliyoitolea jasho mimi.

Mwalimu Chenge akamwita mbele. Alikuwa na karatasi ya ngazi zetu mkononi. Yule binti alikuwa fahari yake, na sasa aliona amechezewa.

"Ngazi ya kumi na nane, halafu thelathini na moja? Nani alikuwa anakufanyia?"

Dorcas akaitazama ile karatasi.

Mwalimu akanigeukia. "Yakobo. Ulikuwa unamfanyia wewe?"

Ndugu zangu, pale ningeweza kukaa kimya tu. Kimya peke yake kingetosha kunihukumu leo. Lakini sikukaa kimya.

"Nilikuwa namsaidia, mwalimu," nikasema. "Ni mwanangu."

Shule nzima ikacheka.

Mimi nilichapwa viboko viwili kwa kosa la huruma. Dorcas alichapwa sita, akafukuzwa chumba cha kompyuta, na diski yake ikafutwa mbele ya darasa. Alipanga viatu vyake vizuri mlangoni, akavivaa, akaenda nyumbani.

Alama zangu zilikuwa zimeshatumwa, na Januari nikavuka ziwa kwenda sekondari. Dorcas akaenda kwa shangazi yake.

Kule sekondari hesabu zilinitoa nishai tangu wiki ya kwanza. Wakaniita kilaza, nikahamia masomo ya kukariri, nikaponea hapo. Leo mimi ni mwalimu wa historia. Mshahara unaonilisha umetoka kwenye vidole vya Dorcas.

Miaka ikapita. Tulionana kwenye misiba ya ukoo. Mtu mzima, mama wa watoto, bado anakunja goti, "Shikamoo baba mdogo." Nami naitikia huku naangalia ardhi. Nilijiambia anajua, amenisitiri, amenisamehe. Nikauchuna.

Nilijua pia kwamba ni adabu tu iliyomfunga mdomo. Hilo ndilo nililoishi nalo. Kumbe sikujua lolote.

Mwaka 2015 shule ninayofundisha ilitafuta fundi wa sare. Nikapendekeza jina la Dorcas. Alikuwa na cherehani mbili kwenye kibanda chake Buhongwa. Moyoni nilisema, angalau hii nimrudishie.

Nikamkuta na bintiye Wilhelmina, wa miaka kumi na nne, anapachika vifungo. Nikamwambia nina jora moja la kitambaa cha bluu, mita hamsini, na orodha ya wanafunzi. Sijui zitatoka sketi ngapi.

Aliisoma orodha mara moja tu. Hakugusa kalamu.

"Hawa wadogo kumi na sita watatoka. Wakubwa kumi na wawili. Hawa wa kati, tisa, wa kumi hakitamtosha. Itabaki robo tatu ya mita, nitakutengenezea mifuko."

Jioni nilipiga ile hesabu kwa simu yangu, na ilikuwa sawa mpaka ile robo tatu. Lakini pale pale nilimwambia, "Bado uko vile vile. Hesabu zipo kichwani."

Akacheka kidogo. "Hii sio hesabu, baba mdogo, ni kukata tu. Hesabu mimi siziwezi. Si unakumbuka thelathini na moja yangu?"

Nilidhani ananichoma. Nikamtazama usoni nione kama kuna mwiba. Hakukuwa na kitu.

"Dorcas, siku ile uliona namba kwenye kioo."

"Niliona. Kumi na saba. Namba ya kwako sikuwahi kuijua, nikadhani wametugawia namba mpya za mtihani."

"Mbona uliniangalia?"

"Niliogopa. Nikataka nione kama na wewe umeogopa."

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Nilipoyaona maswali, nikayaona mepesi yote," alisema huku anakunja kitambaa. "Nikatoka najua nimepata. Halafu wakasoma thelathini na moja. Mashine haina chuki na mtu, kwa hiyo nikajua ni mimi. Mimi ndiye nisiyejua hata kwamba sijui."

"Lakini ulikuwa unanifanyia zangu. Ulijua mimi siwezi."

"Nikasema labda ulikuwa unaweza siku zote, unanituma tu. Baba anamtuma mtoto hata anachokiweza mwenyewe." Akakung'uta kitambaa. "Uliposema mstarini kwamba unanisaidia, nilijua unajikinga. Hilo halikuniuma sana, wewe ni baba. Kilichoniuma ni ile namba. Tangu siku ile nikiona kitu chepesi, naogopa."

Miaka kumi na saba nimemhesabia heshima na msamaha, kumbe hana cha kusamehe. Alikuwa ameamini.

Ningeweza kuondoka hapo. Kazi ya sare ameshaipata, mambo yamekwisha. Nawaambia ukweli, nilishafikiria kuinuka.

Lakini akaongeza neno, kwa sauti ya chini, akimwonyesha Wilhelmina kwa macho.

"Huyu mwaka jana alipata arobaini na saba kati ya hamsini, mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Nikamuuliza, akasema maswali yalikuwa mepesi. Nikamchapa, baba mdogo. Nilimchapa sana. Nilijua kadesa kwa mwenzake, kwa sababu hesabu kwetu hazipo. Kwenye mtihani wenyewe akajaza hovyo makusudi. Sasa ndio huyu na vifungo."

Yule binti hakuinua kichwa. Sindano yake ilisimama tu.

Nikamwambia hapo hapo. Sikupamba. Nilizibadilisha diski mimi. Thelathini na moja ni yangu. Themanini na nane ni yako.

Dorcas hakulia. Alirudia ile namba, "Themanini na nane," polepole, kama mtu anayejaribu nguo iliyoshonwa zamani sana.

Kisha akanivuta mkono.

"Usinieleze mimi," alisema. "Mimi nimeshazeeka nayo. Mgeukie huyu, umwambie mama yake alimchapa kwa kosa gani."

Nikamgeukia mtoto wa miaka kumi na nne, nikaanza upya. Nilipomaliza, Wilhelmina aliniuliza swali moja tu.

"Sasa babu, mimi natakiwa kufanya nini?"

Nilikwenda kwa afisa elimu wa wilaya, nikaambiwa mtihani haurudiwi. Nikaanza kumlipia masomo ya jioni, akaenda miezi miwili, akaacha. Alisema kila akipata jibu anasikia kiboko.

Mwalimu Chenge alishafariki. Alizikwa akiamini alichezewa na mwanafunzi wake bora, na kweli alichezewa, ila sio na yule aliyemchapa.

Basi ndugu msomaji, nami sikuachi bila neno. Kama kuna mtu amebeba kosa lako, usikae unasubiri alalamike, na usijifariji kwamba kanyamaza kwa wema. Mfuate mapema ukamwambie. Huenda mwenzako hajui kabisa kwamba mzigo ule si wake, na ameshaanza kumtwisha mwanawe.