Asali Nne za Nyanya

Nimeishi mahali pengi, rafiki yangu, na sijakaa popote. Nimevuna mahindi ya watu Ndalu, nimeuza vitunguu Kamukuywa, na siku hizi napika chapati katika hoteli moja ya Kitale. Shule niliiacha darasa la sita, lakini udadisi haukuniacha. Nikiona mtu anaandika, lazima nichungulie. Ndivyo nilivyochungulia kompyuta ya msichana mmoja wa chuo kikuu aliyekuwa akinywa chai.

Kwenye kioo kulikuwa na orodha ya lugha za Mlima Elgon. Aliniambia kazi yake ni kuzipanga: ipi inasimama peke yake, ipi ni tawi la nyingine, ipi imebaki na wasemaji wachache. Nikatafuta bonde letu kwa kidole chenye unga. Lilikuwepo. Mbele yake palikuwa pameandikwa kwamba watu wa hapo husema lahaja ya majirani, hakuna haja ya kuwarekodi tena.

"Hiyo imetoka kwa daftari la zamani," akasema. "Kuna mtu alienda huko akaongea na mama mmoja mzee. Natuma Ijumaa, nimalizane nayo."

Huyo mama mzee alikuwa nyanya yangu. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kando yake.

Nyumba yetu ilikuwa juu, mianzi inapoanzia. Asubuhi ukungu uliingia mpaka jikoni, ukachanganyika na moshi, na nyanya alikuwa anakohoa huku akigeuza viazi kwenye jivu. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kusikiliza viatu. Ndiyo, viatu. Askari wa msitu walikuwa wakipita wakichoma vibanda vya waliosemekana ni watu wa msituni. Walioitwa wakulima wa chini waliachwa. Mimi nilijua mlio wa viatu vyao kwenye majani makavu kabla sijajua kuandika jina langu, na mpaka leo mtu akinijia kwa nyuma na viatu vizito, nageuka kabla hajanifikia.

Kwa hiyo tulikuwa na lugha mbili. Moja nyanya aliiita ya ndani, nyingine ya chini, ile ya majirani. Sheria ilikuwa moja tu: mbele ya mgeni, sema ya chini. Hata mbwa alikuwa akiitwa kwa ya chini mgeni akiwepo.

Siku za soko tulishuka Chwele na kibuyu cha asali. Kuna mfanyabiashara wa suruali aliyependa kututania. "Ati hawa ni watu wa msituni?" alipaza sauti. "Si mtuonyeshe mkia, bana!"

"Mkia nimeuacha nyumbani, baba," nyanya akamjibu. "Unachunga mbuzi."

Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Lakini mkono wa nyanya ulikuwa umenibana vidole mpaka vikafa ganzi.

Majirani walikuwa na neno moja la asali. Ya ndani ilikuwa na manne. Kulikuwa na jina la asali nyeupe ya kule juu kwenye baridi, la ile nyeusi ya baada ya mvua, la ile iliyoganda kwenye mzinga uliosahauliwa. La nne lilikuwa la asali ya nyuki wadogo wasiouma, wanaokaa ardhini. Hiyo ina uchachu, na nyanya alinipaka ulimini nikikohoa. Tulipokuwa peke yetu alinionjesha nimefumba macho, nitaje ni ipi. Sikumbuki mchezo mwingine mtamu kama huo.

Kisha akaja yule mgeni na daftari, ameletwa na karani wa chifu. Karani alikuwa amevaa viatu vizito. Mgeni alikuwa mpole, alikaa kwenye kigoda chetu na kuuliza kwa Kiswahili: mkono mnauitaje? Moto? Mvua? Nyanya akajibu yote kwa ya chini, bila kusita, akitazama viatu vya karani. Mgeni alipofika kwa asali, mimi nilifungua mdomo. Nilijua majibu manne! Nyanya akanifinya paja chini ya leso, akatoa lile neno moja la majirani.

"Kumbe mnaongea kama wenzenu tu," mgeni akasema, akaandika.

Nyanya akampa viazi vya kula njiani. Walipopotea kwenye ukungu alikaa chini, akaniambia kwa ya ndani, "Tumepona."

Nikamsimulia yule msichana yote haya, chapati ikiungua. Akaniwekea simu yake karibu. "Mama, niambie hizo asali. Taratibu tu."

Nilitazama mlango kwanza. Nikasema la kwanza kwa sauti ya chini, kama mwizi. La pili likaja. La tatu likaja. La nne halikuja. Uchachu wake niliusikia ulimini kabisa, kidole cha nyanya nilikisikia, lakini jina halikuwepo, na mdomo wangu, kwa mazoea, ukataka kumpa lile la majirani. Nilishikwa na woga ambao hata askari hawakuwahi kunipa. Nikaufunga mdomo.

"Acha wazi," nikamwambia. "Usijaze chochote."

Akafuta neno lahaja. Akaandika kwamba lugha ya bonde hilo haijapangwa, irekodiwe. "Kuna mwingine anayeongea?" akauliza. Nikawaza nyumba moja moja ya bonde lile. Nyanya alikufa, mama alimtangulia, na waliobaki walilelewa chini kwa ya chini. Nikatikisa kichwa.

Alituma orodha yake Ijumaa. Kule juu sasa ni msitu mtupu, hata jivu la jiko letu halipo. Kila asubuhi nikikanda unga nataja asali tatu, kisha naiachia ile ya nne nafasi. Inaweza kuja. Mteja akiingia, nakatiza. Bado nakatiza.