Namba Nne kwenye Ramani ya Ziwa

Ijumaa, Kisumu. Barabara ya Ahero ilikuwa imefunikwa na mafuriko, na Jumapili kanisa dogo la wenzetu karibu na Kendu Bay lilikuwa liwekwe wakfu. Mabenchi yake yote yalikuwa bado kwetu. Wazee wenzangu wa kanisa wakaamua tupite ziwani, na kwa kuwa nilifundisha jiografia miaka thelathini, kupanga safari kukawa kazi yangu.

Ofisini mwa kanisa tuna ramani ya zamani ya ghuba, ile inayoonyesha kina cha maji kwa namba ndogondogo. Nahodha wa boti tuliyokodi, Bi. Akinyi, mwanamke wa umri wa binti yangu wa mwisho, aliishusha ukutani, akaweka karatasi nyembamba juu ya kioo, akachora njia yetu kwa penseli. Alizunguka mbali na ufuo wa kusini.

"Mbona unatuzungusha hivyo?" nilimwuliza. "Hapa karibu na ufuo kuna nne. Boti yako inahitaji ngapi?"

"Ikijaa inazama zaidi ya mita moja, Mzee. Nikipata maji ya mita tatu nalala usingizi. Lakini hizi namba ni mita ama futi? Sioni pahali imeandikwa."

"Ni mita."

"Una uhakika?"

"Binti yangu, nilifundisha watoto kusoma ramani kabla hujazaliwa."

Aliniangalia kidogo, akafuta mstari wake. "Sawa, Mwalimu. Njia yako basi."

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ufuo wa Dunga, Kisumu. Niliomba, tukaondoka. Tulikuwa watu kumi na mmoja juu ya boti ya chuma, na mabenchi yamefungwa kwa kamba katikati. Wanawake wanaouza omena, wale dagaa wa ziwani, walitupigia kelele kutoka ufuoni kwamba hata Nuhu hakubeba viti. Mama Rispa, kiongozi wa akina mama, ambaye hajui kuogelea na alikuwa amevaa jaketi lake la kuokolea tangu nyumbani, aliwajibu kwamba Nuhu hakuwa na wageni wa kukaribisha.

Saa tatu hivi, upande wa kusini. Kwaya yetu ilikuwa ikiimba, nami nikiwa kati yao. Bi. Akinyi alipunguza mwendo, akampa msaidizi wake kamba yenye chuma mwisho na mafundo ya kuhesabia mita, akamwambia apime kina. Msaidizi alipima, akapima tena, akainua vidole viwili.

Nahodha aliniita kwa mkono. Nilipofika alisema polepole, watu wasisikie, "Mzee, hapa uliniambia mita nne. Niko na mbili na kidogo. Na hiyo ni ziwa likiwa limejaa."

Kabla sijajibu, chuma cha boti kilisuguana na jiwe chini yetu. Haikuwa sauti kubwa. Benchi moja lilisogea na watu wakadhani ni wimbi. Nilichungulia maji nikaliona jiwe lenyewe, jeusi, pana kama meza, likipita chini ya miguu yetu.

Hapo ndipo nilipokumbuka fremu ya ramani. Miaka mitatu iliyopita nilipeleka ramani kwa seremala, naye akasema ni kubwa kuliko kioo. Nikamwambia akate pembeni, pale penye maandishi tu. Maandishi hayo ndiyo yaliyosema namba ni futi. Namba nne ilikuwa kama mita moja na robo. Maji yaliyofunga barabara ya Ahero ndiyo yaliyotubeba juu ya mwamba. Mungu alitusaidia kwa kitu kilekile nilichokuwa nimekilalamikia wiki nzima.

"Rudi kaimbe," aliniambia nahodha. "Wakisimama wote upande mmoja tumeisha. Mimi narudi nyuma polepole, tuingie maji marefu."

Nilirudi. Niliimba ubeti mzima, na sijui maneno gani yalitoka.

Saa tano, Kendu Bay. Mchungaji mwenyeji alitupokea akisema, "Mmekuja salama, Mungu ni mwema." Nilisema amina, nikaenda kushusha mabenchi. Jumapili kanisa liliwekwa wakfu, watu wakakalia mabenchi yetu, na mimi sikusikia nusu ya mahubiri.

Jumatatu asubuhi, ufuoni. Barabara ilikuwa bado imefungwa. Kabla hatujapanda nilisimama mbele ya wenzangu nikawaeleza yote: fremu, futi, jiwe.

Mama Rispa aliuliza, "Wakati tulikuwa tunaimba, wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ukaendelea kuimba?"

"Niliendelea."

Alikaza kamba za jaketi lake. "Nani amepanga njia ya leo?"

"Nahodha. Mimi hata penseli sijashika."

"Basi napanda. Lakini wewe utakaa karibu na mimi, na wimbo ukianza nitakuwa nakuangalia uso."

Bi. Akinyi alituzungusha mbali na ufuo, saa nzima zaidi, na hakuna aliyelalamika. Nilikaa alipotaka Mama Rispa. Nimemshukuru Mungu kwa safari nyingi, lakini kwa hii nimeongeza ombi moja: nikiulizwa na mtu mdogo kwangu kama nina uhakika, nipate nguvu ya kusema sina.