Mkwe kaniletea sukari ya wagonjwa, nikampa mbwa aionje kwanza

Mwangaluka wakuu. Mimi ni bibi, shule niliishia la nne, lakini simu naichapa mwenyewe. Haya yametokea kwangu hapa Bariadi, asiyeamini aje amuone mbwa.

Nina kisukari. Daktari kanikataza sukari, na chai chungu hainipiti kooni.

Mke wa mwanangu, Neema, binti wa wauza samaki wa Lamadi, akaniletea kopo la sukari ya kisasa.

"Mayu, hii ni tamu na haina madhara." Mayu ni mama kwa Kisukuma chetu.

Mkwe akikuambia kitu hakina madhara, wewe unafanyaje?

Mimi nina utaratibu wangu. Nisichokijua, mbwa anaonja kwanza. Mbwa wetu anaitwa Polisi, ndiye mlinzi wa ng'ombe. Nikaimimina kwenye uji wake bila ubahili. Akalamba mpaka bakuli likang'aa.

Hata sijakaa sawa, akatapika. Akayumba kama katoka kilabuni, kisha chini puu.

Nikapiga yowe, ukoo ukajaa uani.

"Mnaona? Hiyo ilikuwa yangu mimi!"

Shemeji yangu akaamua binti arudishwe kwao leo leo. Mwanangu, mume mtu, anaangalia viatu.

Neema hakulia. Alichukua kopo, akabugia vijiko vya kujaa mbele yetu.

"Nikifa mnizike. Nisipokufa mniombe radhi."

Tukiwa tunasubiri afe, bwana mifugo tuliyempigia simu akafika na pikipiki. Akasoma kopo, akacheka.

"Bibi, kwa mtu haina shida akitumia kidogo. Kwa mbwa ni sumu, inamshusha sukari mwilini."

Akamtundikia Polisi dripu ya glukosi. Yaani sukari isiyo sukari imemwangusha, sukari yenyewe ndiyo imemwinua!

Polisi akasimama. Aliyelala ni Neema, maana ile sukari ukizidisha inaharisha. Kesi kashinda, ushindi kaufurahia chooni.

Radhi niliomba nikiwa nje ya mlango wa choo.

"Nimesikia, mayu. Niletee maji."

Nikapeleka ndoo nzima, mimi mama mkwe, ukoo unatazama.

Nilichojifunza: tumbo la mbwa na la mtu ni vitu viwili, na dawa za watu mziweke mbali na mifugo.

Sasa Neema kapamba sebule kwa ua la kwenye chungu, majani mapana yenye madoa meupe. Paka kashaanza kulinusa. Wenye ujuzi semeni upesi kama kwa paka nalo ni sumu, mimi nimelishikilia ua mkononi hapa.